Profesa wa nyigu wa dirishani

Shule zimefungwa, mvua inanyesha kila jioni hapa Kakamega, na nimepata nafasi ya kuandika kuhusu mtu ambaye nimekuwa nikimsoma usiku usiku kwa muda sasa. Anaitwa Raghavendra Gadagkar, ni Mhindi, profesa wa wadudu wanaoishi kijamii, na karibu kazi yake yote ameifanyia mji mmoja, Bangalore, kwenye chuo kinaitwa Indian Institute of Science. Ukiuliza walimu wengi wa bayolojia huku Western hawamjui. Darwin wanamjua, Jane Goodall pia wanamjua juu ya sokwe wa Gombe, basi. Na mimi naona huyu ndiye wanafunzi wetu wangeambiwa habari zake mapema kabisa, juu heshima yote aliyo nayo duniani aliipata kwa mdudu ambaye kila boma hapa linamjua na kila boma linamchoma na gazeti likiwaka moto. Nyigu.

Alizaliwa 1953. Digrii ya kwanza na ya masta alifanyia zuolojia pale Central College, Bangalore, na kwenye madirisha ya jengo walilokuwa wakisomea kulikuwa na viota vya nyigu wa karatasi, spishi inaitwa Ropalidia marginata. Wale wanafunzi wengine walikuwa wanapita tu, yeye akawa anasimama. Lakini alikuwa kijana amevutwa pande mbili, mkono mmoja amesoma Konrad Lorenz na tabia za wanyama, mkono wa pili amesoma James Watson na mambo ya DNA, na enzi hizo kama saa hii pesa na heshima zilikuwa upande wa molekuli. Akaenda akafanya PhD ya bayolojia ya molekuli, virusi vinavyoshambulia bakteria, akamaliza 1979. Nyigu wakabaki hobi, anawaangalia akitoka labu.

Sasa hebu fikiria. Umemaliza PhD ya kitu ambacho kila chuo kinakitaka, unajua mashine, unaweza kwenda Marekani au Ulaya kesho, halafu unaamua kile ulichokuwa unafanya wikendi ndicho kitakuwa kazi yako ya maisha. Pale chuoni kulikuwa na Madhav Gadgil, mwanaikolojia ambaye alikuwa amesoma Harvard akarudi nyumbani India, na wazee kama hao wakiwa karibu kijana anapata mahali pa kusimama. Gadagkar akabaki Bangalore, akahamia kwa nyigu kabisa.

Vifaa vyake vilikuwa hivi: rangi inayokauka haraka, daftari, kalamu, saa, na kiti. Unamweka kila nyigu doa lake la rangi ndio umtambue, huyu nyekundu kifuani, huyu njano na nyeupe, halafu unakaa mbele ya kiota masaa na masaa unaandika nani anafanya nini na kwa muda gani. Ni hivyo tu. Ropalidia wanajenga kiota wazi bila kifuniko, vyumba vinaangalia chini, kwa hivyo ukikaa mbele unaona kila kitu, mayai, mabuu, nani amelisha nani, nani amemkanyaga nani. Na kuna jambo lingine muhimu sana hapa, malkia wao hana tofauti ya umbo na wafanyakazi. Kwa nyuki wa asali malkia unamuona ni mrefu, kwa siafu malkia ni dubwana kabisa anataga mayai mamilioni kwa mwezi, lakini hawa nyigu wote wanafanana na karibu kila jike angeweza kuwa malkia au mfanyakazi. Kwa hivyo swali linakuja lenyewe: kama unaweza kutaga, kwa nini ukae ulee watoto wa mwingine?

Hilo swali si la Gadagkar peke yake, lilimsumbua hata Darwin. Mtu aliyelipiga hesabu vizuri ni Mwingereza W. D. Hamilton, aliyezaliwa Cairo 1936, na maisha yake ya chuo yalikuwa magumu sana mwanzoni. Akiwa mwanafunzi London hakuna aliyeelewa vizuri anatafuta nini, alikuwa mpweke mpaka jioni zingine anaenda kukaa kwenye mabenchi ya stesheni ya Waterloo anafanya hesabu zake pale ili tu awe karibu na watu. 1964 akatoa makala ambayo leo kila mtu wa fani hii ameisoma. Hesabu yenyewe ni fupi: tabia ya kujinyima itaenea kama undugu wenu, ukiuzidisha na faida anayopata ndugu yako, unazidi gharama unayolipa wewe. Halafu akaonyesha kitu cha ajabu kwa nyuki, nyigu na siafu. Kwa hawa wadudu dume anatoka kwa yai ambalo halijarutubishwa, kwa hivyo dada wa baba mmoja na mama mmoja wanagawana robo tatu ya jeni zao, wakati mama na binti yake wanagawana nusu tu. Yaani kwa hesabu hiyo ni afadhali umlee dada kuliko umzae binti. Ilikuwa hesabu tamu, ikaingia kwa vitabu vyote, na mimi mwenyewe nilifundishwa hiyo campo kama vile ndio mwisho wa maneno. (Hamilton alikufa Machi 2000, alikuwa ametoka Kongo hapa jirani kwa utafiti, akaugua.)

Gadagkar na wanafunzi wake wakaichukua hiyo hesabu wakaipeleka kwa nyigu wa dirishani. Wakakuta malkia wa Ropalidia anapandwa na dume zaidi ya mmoja na anachanganya mbegu, kwa hivyo dada wengi ni wa baba tofauti, na ule undugu wa robo tatu unashuka mpaka karibu nusu. Tena malkia wanabadilishwa mara kwa mara, huyu anaondolewa mwingine anaingia, kwa hivyo mfanyakazi anajikuta analea watoto wa dada yake, wa mama mdogo, wa binamu. Ile robo tatu haiko. Na nyigu bado wanafanya kazi!

Kwa hivyo jibu lazima litoke pia upande ule mwingine wa hesabu, upande wa faida na gharama, na hapo ndipo Gadagkar alitoa wazo lake ambalo mimi nalipenda kuliko yote, lilichapishwa 1990. Nyigu jike akienda kuanza kiota peke yake, yai mpaka litoke mdudu mzima ni wiki nyingi, na huko nje kuna ndege, kuna siafu, kuna mvua ya mawe, kuna kuzeeka. Akifa kabla watoto hawajakomaa, kazi yake yote imepotea, sifuri kabisa. Lakini aliye ndani ya kiota cha wengi akilisha mabuu kwa siku chache halafu afe, wenzake wanaendelea na wale wale mabuu mpaka wanatoka. Kazi ya siku chache haikupotea. Kwa hivyo hata bila undugu wa ajabu, kukaa na wengine kunalipa kwa sababu unachoweka kina uhakika wa kufika. Nilipoisoma hiyo nilifunga kompyuta nikatembea kidogo nje, juu ni kitu unaweza kumwelezea mtoto wa kidato cha pili bila hesabu hata moja na akaelewa, na bado ni sayansi ya juu kabisa.

Tukirudi kwa kile kiti na daftari. Mwaka 1983 yeye na mwenzake N. V. Joshi walichapisha kwamba ukichukua muda wote ambao kila nyigu anautumia kwa kila shughuli na kuupanga kihesabu, wanajigawa makundi matatu: wakaaji, wapiganaji, na watafutaji chakula. Na malkia wa marginata yuko kundi gani? Wakaaji! Wengi wetu tungedhani malkia ndiye mkali, anapiga kila mtu ndio atawale, na kuna spishi jirani yake, Ropalidia cyathiformis, ambapo ni kweli malkia ni mpiganaji. Lakini huyu wa marginata ni mpole, hasumbui mtu, na bado ndiye peke yake anayetaga. Baadaye ikaonekana anatumia kemikali kutoka tezi moja iliyo karibu na mwiba wake, anaipakaza kwenye kiota anapotembea, wengine wanaisoma wanajua malkia yuko.

Ukimtoa sasa. Ndani ya dakika chache, jike mmoja anabadilika anakuwa mkali kupita kiasi, anawakimbiza wenzake, anawauma. Mmoja tu. Ukimrudisha malkia anatulia. Ukiacha bila malkia, huyo mmoja ukali wake unapungua siku hadi siku na baada ya wiki hivi anaanza kutaga, ndiye malkia mpya, mpole kama aliyetangulia. Wanasayansi walijaribu kutabiri ni nani atakuwa huyo, wakaangalia umri, mwili, ukali, ovari, hawakuweza kumtambua kabla. Lakini 2008 Anindita Bhadra na Gadagkar walifanya jaribio la kukata kiota katikati kwa wavu, malkia upande mmoja, halafu wanambadilisha upande, na walichokuta ni kwamba nyigu wenyewe wanajua mrithi ni nani tangu mapema na hawamgombanii. Sisi watu, mzee akifariki bila kuandika, shamba linaenda kortini miaka na ndugu hawasalimiani mazishini, na hawa wadudu wanamalizana kabla chai haijapoa.

Hii kitu ilinifanya nitafute kiota chetu.

Kiko nyuma ya labu ya shule, chini ya mabati, upana wa kiganja changu, kimening'inia kwa kikonyo kimoja cheusi chembamba mpaka unashangaa kinabebaje. Hawa wetu wana kiuno kirefu sana, kwa mwonekano ni jamii ya Belonogaster, nyigu wa Afrika ambao ni binamu wa hao wa India. Tuliwapaka madoa asubuhi na mapema kukiwa na baridi kabla hawajaweza kuruka, kwa kutumia ncha ya unyasi na rangi ya kucha ambayo wasichana walileta kutoka nyumbani. Mwenye aleji nilimkataza kukaribia, hilo halina mjadala. Halafu wakapanga zamu wakati wa lanchi, wawili wawili na daftari.

Siku za kwanza walikuwa wanaandika hadithi. "Huyu mwekundu ni mbaya, anaonea wengine." Nikawaambia futa, andika alichofanya, amemgusa nani, wapi, saa ngapi. Mmoja akaniambia, "Madam, huyu wa njano hajaenda kazi hata leo, anakaa tu." Nikamwambia andika hivyo hivyo, na uandike tena kesho. Baada ya muda daftari likabadilika, ukilisoma unaona macho yao yamebadilika pia.

Mzee wa geti alikuwa ameshakuja na kijiti na gazeti. "Mwalimu, hawa watamuuma mtoto wa mtu mje mniulize mimi." Nikamwomba, "Mzee wangu, tuachie kwanza, tunawasoma." Hakufurahi. Lakini alisimama kidogo kuangalia, na hapo hapo mmoja wa bluu akatua na kidonge cha kijani mdomoni. Ilikuwa kiwavi kimetafunwa. Akakutana na mwenzake, wakashikana miguu ya mbele, wakakigawa kile kidonge mara mbili, huyu akaenda vyumba vya juu huyu akaenda vya pembeni, na kila chumba wakiingiza kichwa unaona buu lile jeupe ndani linasogea kupokea. Mzee akauliza kiwavi wametoa wapi. Mwanafunzi akamwonyesha kwa kidole shamba la sukuma la shule. Kijiti kikarudi geti, na tangu hapo akipita anauliza wanaendeleaje.

Ndio maana nimeandika haya yote. Mimi nilipokuwa nafanya masta, nilitaka kusoma siafu wa msitu wa Kakamega, tuko nao hapa, msafara unapita mpaka unasikia majani yakicheza. Niliambiwa mashine ya DNA hakuna, ufadhili hakuna, tafuta topiki nyingine. Chuo sitakitaja na sina ugomvi na yule supavaiza, alikuwa anasema ukweli wa ofisi yake. Lakini najua vijana wengi ambao walisikia neno hilo hilo wakaacha kabisa, wakaenda kufanya topiki ambayo hawakuijali, wakamaliza, karatasi iko kwa faili. Na wakati huo huo kuna profesa Bangalore ambaye anasema waziwazi kwamba sayansi ya kiwango cha juu inaweza kufanywa kwa gharama ndogo sana, na ameithibitisha kwa maisha yake mwenyewe. Sisemi mashine si muhimu. Zile hesabu za undugu wa nyigu zilihitaji labu, na kile kiti cha dirishani kilikuwa kando ya chuo chenye maktaba na wanahesabu. Lakini kiti kilitangulia. Swali lilitangulia. Bila hayo madaftari hakuna mtu angejua ni nini cha kupeleka labu.

Na si kwamba sisi hatuna wa kwetu. Thomas Odhiambo alisoma Maseno, hapo tu kwenye barabara ya Kisumu, akaenda Makerere, akaenda Cambridge, akarudi, na 1970 akaanzisha icipe, kituo cha utafiti wa wadudu ambacho dunia nzima inakiheshimu, na kambi yake ya Mbita kando ya ziwa leo inaitwa kwa jina lake. Alifariki 2003. Mwanafunzi anaweza kupanda matatu Kisumu na akafika Mbita siku hiyo hiyo, na bado kwenye mtihani tunamuuliza sehemu za mdomo wa panzi na hatumwambii kwamba mtu wa Maseno alijenga kitu kama hicho kwa kupenda wadudu.

Wageni wanajua tuko na nini. Mwaka 2025, Aprili, vijana wawili Wabelgiji walishikwa kwenye nyumba ya wageni kaunti ya Nakuru na siafu kama 5,000, wamewapanga kwenye vichupa vyenye pamba, kati yao malkia wa Messor cephalotes, wale wakubwa wekundu wanaovuna mbegu za nyasi. Mahakama ikawatoza faini ya shilingi milioni moja kila mmoja au jela mwaka mmoja. Watu wengi mtandaoni walicheka, ati siafu nao wanaibiwa. Mimi sikucheka. Malkia mmoja akitolewa ni koloni zima halitaanzishwa, na huko nje kuna mtu yuko tayari kulipa pesa nyingi amweke kwa kioo sebuleni amwangalie, wakati sisi tuna maelfu yao bure nyuma ya nyumba na hatujawahi kukaa chini hata lisaa limoja.

Gadagkar naye kazi ilimpeleka mbali bila yeye kuhama. 1993 akapata tuzo ya Shanti Swarup Bhatnagar, ambayo kwa wanasayansi wa India ni kubwa sana. 2001 Harvard University Press wakatoa kitabu chake kizima kuhusu spishi hiyo moja ya nyigu. 2006 akachaguliwa mwanachama wa nje wa akademia ya sayansi ya Marekani, na kutoka 2014 mpaka 2016 alikuwa rais wa akademia ya sayansi ya India. Kilichonigusa zaidi ni alichofanya baada ya heshima zote hizo: alianza kuandika mfululizo wa makala kwa wanafunzi kwenye jarida la Resonance, majaribio ya tabia za wanyama ambayo unaweza kuyafanya bila pesa, yamefanywa na nani, vipi, na ni kwa nini yalikuwa ya busara. Yako bure mtandaoni. Nimeyachapisha machache kwa printa ya shule, na hayo ndiyo klabu yetu ya sayansi inasoma saa hii badala ya zile noti za zamani.

Muhula ujao tutafanya jaribio letu la kwanza. Asubuhi moja tutamchukua malkia wetu, tumweke kwa chupa yenye hewa na maji ya sukari, tuangalie kiota mpaka jioni, halafu tumrudishe. Wanafunzi wameshagawanyika. Kundi moja linasema mwekundu ndiye atachukua juu anapigana kuliko wote. Kundi lingine linasema ni yule wa njano ambaye hajaenda kazi. Wawili wanasema bluu, na hawajataka kusema kwa nini. Nimewaambia kila mtu aandike jibu lake kwenye daftari pamoja na sababu, tarehe juu, kabla hatujagusa kiota.